Zamu ya Chai Hamanuki

Nianze na kosa langu, maana nisipolisema mimi watalisema wengine: aliyemkatalia binti yangu kucheza ni mimi mwenyewe. Si kocha, si kampuni, wala si wale kina mama wa kamati ambao nitawasengenya hapa chini kwa raha zangu. Wakana alikuwa na miaka kumi alipoleta nyumbani fomu ya Mwewe wa Hamanuki, timu ya besiboli ya watoto wa mji wetu. Alikuwa ameijaza yote kwa penseli, imebaki sahihi ya mzazi tu. Niliisoma jikoni nikiwa bado na sare ya kiwanda. Nilipofika ukurasa wa pili nikaikunja nikamrudishia.

Ukurasa wa pili ulikuwa wa chai.

Hamanuki, kila siku ya mazoezi au mchezo, hasa Jumamosi, kina mama wawili hushika zamu. Hufika uwanjani kabla ya watoto, saa moja asubuhi, wakasimamisha hema na kuchemsha maji. Watoto wanywe chai baridi ya shayiri, waamuzi wanywe chai moto, kocha aletewe kahawa yake, na taulo mbichi zikae kwenye barafu. Kila mapumziko unainama na sinia mbele ya kila mkubwa aliyepo, na jioni unaosha vikombe na kuondoka wa mwisho. Lipo faili la buluu linalopita nyumba hadi nyumba, kurasa kumi na nne, limefungwa kwenye kitambaa utadhani limetoka hekaluni. Humo imeandikwa: Kocha, kahawa baridi, bila sukari, barafu tatu. Msaidizi wake, chai moto hata Agosti. Mwamuzi wa Asahino asipewe biskuti, ana kisukari. Mzazi asiyeshika zamu, mtoto wake hachezi. Hilo la mwisho halijaandikwa popote, lakini ndilo pekee ambalo hakuna aliyewahi kulivunja.

Na mimi Jumamosi niko kazini. Nafunga fremu za madirisha katika kiwanda cha Morisada, mstari wa tatu, na Jumamosi ninayopumzika ni moja kwa mwezi. Baba yake Wakana anaishi Nagoya na mke mwingine, na habari zake ziishie hapo. Kwa hiyo mwanangu akawa anachezea ukutani. Alichora mraba kwa chaki kwenye ukuta unaozuia bahari, akahesabu hatua za kurudi nyuma, akarusha. Akitoka shule anarusha. Mvua ikinyesha anasubiri ikatike, halafu anachora upya na kurusha tena. Majirani walimwita Msichana wa Ukuta. Roho iliniuma, nisidanganye, lakini nilijiambia kwamba ukuta angalau hauna kamati.

Mwaka huohuo kampuni yangu ikatangaza fedha za kufungua michezo ya mitaani kwa wasichana. Kwenye ukumbi wa chakula wakabandika picha ya mtoto wa kike kashika gongo, meno yote nje. Timu ya Mwewe wakazikimbilia, maana watoto wamekuwa haba mjini kwetu na wavulana walibaki tisa tu, idadi ile ile inayotakiwa uwanjani. Mmoja akipata mafua, hakuna mchezo. Fomu ya kampuni iliuliza: ni nini kinachowazuia wasichana? Kamati ya kina mama ikakaa vikao vitatu ikiongozwa na Mama Ryohei, mwanamke aliyenyooka mgongo hata akiwa amekaa, na mwisho wa vikao hivyo wakaandika kwamba wasichana hawana chumba cha kubadilishia nguo.

Fedha zikaja, yen milioni tatu. Chumba kikajengwa, mlango wake rangi ya waridi. Wakaingia wasichana wanne, na wote walikuwa dada za wavulana waliokwisha kuwamo, yaani mama zao tayari walikuwa kwenye zamu. Mwaka mzima watoto wale walivaa sare wakakaa hemani kusaidia kusuza vikombe. Hakuna aliyeona ajabu. Mimi nilipita na baiskeli siku moja nikaona, na nikasema moyoni, ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Fedha za mwaka wa pili zikawa na sharti. Wasichana wafike watano, waonekane wakicheza, na mtu wa makao makuu angetoka Osaka kuja kushuhudia. Mwewe walikuwa na wanne.

Basi Jumatano moja ya mwezi wa sita, Mama Ryohei akapiga hodi kwangu na boksi la keki za maharage.

"Mama Wakana, samahani kwa kukuvamia."

"Hujanivamia. Karibu ndani, nilikuwa napika tu."

"Nimekuletea kitu kidogo, hakina maana kabisa."

Kwetu mtu akikuletea kitu kisicho na maana kilichofungwa vizuri namna ile, jua ana shida yenye maana. Nikamwekea mto akakaa. Tukasifu mvua, tukalaani mvua, na chai ilipokwisha ndipo akasema.

"Tunamwomba Wakana Jumapili. Siku moja tu. Atavaa sare, tutampa na kofia mpya. Na zamu, kwa siku hiyo, tumekusamehe."

"Mmenisamehe? Kwani nilikosa nini?"

"Usinichukulie vibaya."

"Mnataka kumwazima, Mama Ryohei. Kama sufuria."

"Jamani! Sufuria tena?"

"Sufuria huazimwa, ikaoshwa, ikarudishwa kwa mwenyewe. Jumatatu mwanangu atakuwa wapi? Ukutani?"

Mlango wa chumba cha ndani ukasogea, na Wakana akachomoza kichwa.

"Nitakwenda."

"Wewe rudi ndani. Wakubwa wanaongea."

"Nitakwenda, Mama. Lakini nikirusha vizuri, nabaki." Akamgeukia mgeni na kumwinamia mpaka nywele zikagusa mkeka. "Anti, nikirusha vizuri nabaki?"

Mama Ryohei akaangalia kikombe chake kitupu. "Hilo tutalizungumza baadaye, mtoto mzuri."

"Baadaye ya kamati naijua mimi," nilisema. Lakini niliona uso wa Wakana, na sikuwa na moyo wa kukataa mara ya pili.

Mgeni alipoondoka nilimkalisha mwanangu chini. Nilitaka ajue ukweli mapema asije akavunjika moyo mbele ya watu. Nikamwambia kwamba wanamtaka kwa picha tu, kwamba wenye kamati hawabadili sheria kwa ajili ya mtu mmoja, na kwamba Jumapili ikipita watamsahau.

"Wakiniona nikirusha hawatanirudisha," alisema.

"Kujiamini kote huko umekutoa wapi?"

"Ukutani."

Nikacheka bila kupenda. Kisha nikaenda kumshonea kitufe kilicholegea kwenye suruali ya sare.

Jumapili jua lilitoka kali, na theluji iliyobaki juu ya milima ya Tateyama ilionekana wazi. Mchezo ulikuwa dhidi ya Asahino, wapinzani wetu wa jirani, na kuanza ni saa tatu. Mama Ryohei alikuwa kila mahali na aproni yake nyeupe. Alileta vikombe vya udongo vya nyumbani kwake, vile vya arusi, maana mgeni wa Osaka hapewi kikombe cha plastiki. Halafu akawapanga wasichana. Nilidhani anawapanga wakapashe misuli. La, alikuwa akiwapa masinia.

"Mama Ryohei, si wanacheza leo?"

"Watacheza. Kwanza wampokee mgeni. Watoto watano wa kike, kofia mpya, wanainama pamoja. Utaona atakavyofurahi! Wakishampokea wataingia."

Hakuwa na hila hata chembe. Alikuwa akitoa kitu kizuri kuliko vyote alivyovijua. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo, na mwenyeji alikuwa amejiandaa kupona.

Mgeni alifika raundi ya kwanza ikianza. Jina lake Bi Kiryu, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, viatu bapa, kofia pana ya jua. Aliyemleta ni Bwana Tokunaga, msimamizi wangu wa kiwandani, yule anayepanga nani aje Jumamosi. Aliponiona alinitazama kama mtu aliyekuta bisibisi yake nyumbani kwa mwingine. Wakaketi hemani. Wasichana wakainama pamoja, chai ikamiminwa. Kwa adabu zetu mwenye sinia haondoki mgeni akiwa bado anakunywa, na kikombe cha mgeni hakiachwi kikakauka. Bi Kiryu kwa adabu zake akawa anamaliza kila anachowekewa. Hivyo kila alipomaliza wakamjazia, na kila walipomjazia akamaliza.

Mchezo wa watoto ni raundi sita. Ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita, Asahino wakatupita kwa alama mbili. Ya tatu ikaingia, na mwanangu bado amesimama kando ya birika, mikono imenyooka, anaangalia uwanja kwa pembe ya jicho. Wavulana tisa wanakimbia, wasichana watano wanashika sinia. Nilihesabu raundi kama mtu anayehesabu dawa zilizobaki. Sita zikiisha, Jumapili imeisha, na "baadaye" ya kamati ndiyo hiyo.

Bi Kiryu akaweka kikombe chini. "Wasichana wanaocheza wako wapi?"

"Ndio hawa," alisema Mama Ryohei, uso unang'aa. "Watano kamili."

"Vizuri." Akamgeukia aliye karibu, na aliye karibu alikuwa Wakana. "Na wewe, unacheza nafasi gani?"

Wakana akanitazama. Nadhani alitaka nimwambie aseme nini, na mimi nikabaki kumkodolea macho.

"Leo nacheza chai, Anti," alisema.

"Chai?"

"Ndiyo. Mimi niko upande wa birika. Honoka yule yuko upande wa taulo."

Bwana Tokunaga akacheka, akidhani ni utani. Alipoona anacheka peke yake akakohoa. Mama Ryohei akawa mwekundu mpaka shingoni.

"Mlituandikia," alisema Bi Kiryu taratibu, "kwamba kinachowazuia ni chumba cha kubadilishia nguo."

"Na kimejengwa," alisema Mama Ryohei. "Pale, mlango wa waridi."

"Nimeuona. Ndiyo maana nauliza tena. Kinachowazuia ni nini?"

Watu wa kwetu swali kama hilo hulijibu kwa kutazama viatu. Kila mtu hemani akavitazama vyake. Mimi pia nilivitazama vyangu, kisha nikaona nina viatu vibaya, nikainua uso.

"Ni hicho unachokunywa," nilisema.

"Bi Hirukawa," Bwana Tokunaga alisema chini chini, "hapa si mahali pake."

"Basi niambie ni wapi, bosi. Kiwandani tunaambiwa mambo ya watoto yabaki nyumbani." Nikamgeukia mgeni. "Dada, mimi ni mstari wa tatu wa kiwanda chenu. Jumamosi niko kazini. Zamu ya chai ni Jumamosi. Asiyeshika zamu mtoto wake hachezi. Hawa wanne wana kaka zao hapa, ndiyo maana wamo. Huyu wa tano ni wangu na ameazimwa, kesho anarudishwa. Mstari wa tatu tuko kina mama kumi na moja wenye mabinti. Mkitujengea vyumba ishirini vya waridi, hao mabinti hawataingia hata kimoja."

Nilidhani atakayenijibu ni bosi. Aliyenijibu ni Mama Ryohei.

"Na wewe unadhani mimi naipenda?" Alivua aproni akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. "Nilikuwa nauza dawa pale duka la karibu na stesheni, miaka tisa. Niliacha kwa sababu ya Jumamosi. Kaka yake Ryohei miaka mitatu, Ryohei sasa miaka mitatu, jumla sita nachemsha maji! Mwanangu sijawahi kumwona akipiga mpira. Nasikia makofi tu, nimeinamia beseni. Halafu leo uje wewe, mwenzangu, unirukie hivi hivi?"

Hapo niliona haya. Mwaka mzima nilimchukia mtu yule kwa kitu kilichomla yeye kuliko mimi.

"Mimi sijui la kusema, Mama Ryohei," nilimwambia.

"Mimi najua," alisema huku anafuta pua. "Nani atamtengenezea kocha kahawa yake? Ehe? Tukiacha sote, nani?"

Kocha Kasahara ni mtumishi mstaafu wa posta, maneno yake machache kama barua za siku hizi. Raundi ya tatu ilikuwa imekwisha, na kusikia jina lake akaingia hemani na kofia mkononi.

"Kahawa gani?"

"Kahawa yako, Kocha. Baridi, bila sukari, barafu tatu."

Akajikuna kichwa. "Hiyo ilikuwa ya Kocha Enomoto, aliyekuwapo kabla yangu. Mimi kahawa tumbo linaikataa."

"Linaikataa?" Mama Ryohei alishika nguzo ya hema. "Si umeinywa miaka kumi na moja!"

"Ililetwa kwa heshima sana. Sasa ningesemaje?" Akatazama chini. "Mimi nina chupa yangu ya maji, iko garini. Huwa naificha nisiwavunje moyo."

Mama Ryohei akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo ya barafu, machozi yakamtoka, na sikujua ni kicheko tupu au na kilio kimo. Mimi nami nikacheka. Yule msaidizi wa kocha akakiri kwamba chai moto ya Agosti huimwaga kwenye majani, na pale tulipokuwa tumeanza kunyamaza tukaanza upya.

Bi Kiryu ndiye hakucheka sana. Alisimama, akachukua sinia mikononi mwa Wakana, akaangalia kushoto na kulia mahali pa kuliweka.

"Tokunaga, shika."

Na bosi wangu akalishika. Alilishika kwa mikono miwili, mgongo wima, kama mtu aliyepewa zamu.

"Mimi sikuja kunywa chai," alisema Bi Kiryu. "Kocha, imebaki muda gani?"

"Raundi tatu." Kocha akawatazama wasichana mmoja mmoja kana kwamba wamefika sasa hivi, na kwa kweli kwake walikuwa wamefika sasa hivi. "Mrushaji wangu mkono umechoka. Nani kati yenu anaweza kurusha?"

"Mimi," alisema Wakana.

Wavulana waliokuwa wakinywa chai yao waliguna. Ryohei, ambaye ndiye mdakaji, akasukuma barakoa yake ya chuma juu ya paji la uso. "Kocha, huyu ni Msichana wa Ukuta! Ukuta haupigi mpira, wewe. Wale wanapiga."

"Wewe kazi yako kudaka," alisema Wakana. "Daka."

"Ryohei!" alifoka mama yake kutoka kwenye ndoo. "Daka!"

Sijui kama mnajua inakuwaje kumwona mtoto wako akitembea peke yake kwenda katikati ya uwanja. Mimi sikujua. Alionekana mdogo, suruali imempwaya, na kitufe nilichokishona kilikuwa kimekaa upande. Asahino wakaanza kupiga kelele kwenye benchi lao: "Rudi kwenye birika, dada! Chai inapoa!" Mpira wa kwanza ukapaa juu ya kichwa cha Ryohei ukagonga wavu. Wa pili ukachimba mchanga. Wa tatu na wa nne sikuona, nilifumba macho, lakini nilisikia mwamuzi akihesabu minne iliyokwenda kombo, na kwa hiyo mpigaji wa Asahino akapewa kituo cha kwanza bila kutoa jasho.

"Birika! Birika!" waliimba.

Nikataka kukimbilia uwanjani nikamtoe. Mama Ryohei akanishika mkono wa shati. "Kaa," alisema. "Usimharibie."

Wakana akarudi nyuma hatua moja. Akachora mstari mchangani kwa ncha ya kiatu. Akamwita Ryohei, wakanong'ona, na Ryohei akarudi mahali pake akaweka glavu chini zaidi, karibu na goti, palepale ambapo mraba wa chaki huwa unaanza. Kisha mwanangu akarusha.

Nilisikia mpira ukiingia kwenye glavu kabla mpigaji wa pili hajasogeza gongo. Watu wakasema "Ah!" Akarusha tena, na wa tatu, na yule mpigaji akatolewa, akarudi benchini anauliza wenzake kuna nini. Aliyefuata akapiga upepo mara tatu. Wa baada yake aligusa mpira kidogo, ukamrudia Wakana miguuni, akauokota na kumtoa kwa utulivu kama anaokota njegere iliyoanguka sakafuni. Hakuna aliyekuwa akiimba birika tena.

"Uu!" alisema Ryohei akitikisa mkono wa glavu. "Unauma, wewe!"

Mimi nililia, sina sababu ya kuficha. Mama Ryohei alikuwa amesimama kwenye kamba ya pembeni, mahali ambapo wazazi wa kiume husimama, na vikombe vya arusi vilikuwa vichafu juu ya meza nyuma yake. Raundi ya tano Ryohei alipiga mpira ukaenda mbali, na mama yake akapiga yowe ambalo nadhani lilifika Asahino. Honoka na mwenzake waliingia wakapiga pia, mmoja akakosa, mmoja akafika kituo cha pili akiwa amepoteza kofia mpya. Tulifungwa, nne kwa tatu. Tangu Wakana aanze kurusha, Asahino walipata alama moja tu.

Watoto walipopanga mstari kuinamiana, Kocha Kasahara akaja tulipokuwa.

"Wakana. Jumamosi kuna mchezo. Fika saa mbili asubuhi. Usichelewe."

Nikaona niseme ukweli papo hapo, yasije yakawa maneno. "Kocha, mimi Jumamosi niko kazini."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Sasa nani kakuita wewe?"

"Aje na chupa yake ya maji," alisema Mama Ryohei, akifunga faili la buluu kwenye kitambaa chake. "Kila mtu aje na yake. Hata kocha."

Najua mtauliza habari za fedha. Zilikuja mwezi wa tisa, zimechelewa, pamoja na fomu mpya ambayo Bi Kiryu aliagiza ijazwe na wasichana wenyewe, mkubwa asiiguse. Kwenye lile swali la kinachowazuia waliandika: mipira michache, kocha anaongea kidogo mno, na mlango upakwe rangi nyingine. Bwana Tokunaga hakunisemesha wiki mbili. Ratiba ya Jumamosi ilipobandikwa, jina langu lilikuwa palepale. Sikutegemea miujiza, na Bi Kiryu ameandika kuhusu ratiba hiyo barua ambayo tunaambiwa bado iko mezani kwa mtu.

Lakini ninayotaka kuisema ni Jumamosi ile ya kwanza. Wakana aliondoka na baiskeli saa moja na nusu, mimi nikaelekea kiwandani upande wa pili. Saa tatu mchezo ulianza. Nilijua umeanza kwa sababu ya saa ya ukutani, basi, maana mstari wa tatu hauna dirisha, ingawa tunatengeneza madirisha. Nilikuwa nakaza fremu, na kule uwanjani, karibu na mto, mwanangu alikuwa anarusha, sipo, simwoni, hakuna anayeninyooshea kidole, hakuna kikombe kinachoningoja. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo mahali pale.

Aliyekaa pembeni yangu ni Bi Sugaya. Ana binti wa miaka tisa anayeitwa Mio, mkimbiaji wa ajabu.

"Wakana yuko wapi leo?"

"Anacheza."

"Yuko na nani?"

"Na timu yake."

Bi Sugaya akakaza fremu mbili. Ya tatu akaishikilia tu, drili imezimwa.

"Na mama anatakiwa afanye nini?"

"Amwamshe asubuhi," nilimwambia. "Basi."